Bi Lala Kwanza na Kitanda cha Mpishi

Jina lake halisi lilikuwa kwenye leseni ya biashara iliyotundikwa ukutani, wala hakuna aliyejisumbua kulisoma. Mtaa mzima ulimwita Bi Lala Kwanza. Jina hilo alijitafutia mwenyewe, maana kila mteja aliyeingia dukani kwake, akabonyeza godoro kwa kidole na kuuliza, "Hili bei gani, mama?" alijibiwa maneno yale yale mawili: "Lala kwanza."

Duka lenyewe lilibanwa katikati ya kinyozi na muuza mabomba. Magodoro mengine yalisimama wima ukutani, bado yamo ndani ya nailoni zake, mengine yamerundikwa hadi karibu na dari, na ukiingia tu pua inapokewa na harufu ya sponji mpya. Kule nyuma kabisa palikuwa na pazia, na nyuma ya pazia kitanda kimoja cha futi tano kwa sita chenye shuka inayobadilishwa kila asubuhi. Mwanzoni pazia halikuwepo. Bi Lala alilitia baada ya kuona wateja wanakufa kwa haya. Mtu mzima na heshima zake avue viatu, ajinyooshe mchana kweupe, huku wanaosubiri kunyolewa wanamchungulia?

Kabla ya duka alikuwa mhudumu wa wodi hospitalini kwa miaka kumi na saba. Kazi yake ilikuwa kuwageuza wagonjwa wasiojiweza, leo ubavu huu, baada ya saa mbili ubavu ule, wasije wakatoka vidonda. Mikono yake ilijua mwili wa binadamu unaelemea wapi: mabegani, nyongani, visiginoni. Alijua pia kwamba godoro lililobonyea katikati humla mgonjwa kimyakimya, na ndugu zake wakabaki kulaumu dawa. Alipostaafu, alichukua kiinua mgongo chake akafungua duka la kuinua migongo ya wenzake. Utani huo aliutoa yeye mwenyewe, na aliurudia mara nyingi kuliko ilivyostahili.

Msidhani lakini kwamba alianza akiwa mjuzi. Mwaka wake wa kwanza alikuwa kama wauzaji wengine, anaamini kwamba nene ni bora na ghali ni bora zaidi. Alimuuzia mzee mmoja, mstaafu wa reli, godoro laini la inchi kumi na nne. Wiki mbili baadaye alikutana na mtoto wa yule mzee kwenye foleni ya maji.

"Baba anaendeleaje na godoro?" akauliza, akitegemea sifa.

"Anaendelea kuzama, mama," kijana akajibu. "Kila asubuhi tunamvuta mikono yote miwili kama ndoo kisimani."

Bi Lala alifunga duka saa sita mchana akaenda. Alimkuta mzee ameketi ukingoni mwa kitanda, miguu inaning'inia haifiki sakafuni.

"Godoro lako zuri sana, mwanangu," mzee akamwambia kwa upole, "ila halitaki niondoke."

Upole ule ulimchoma kuliko matusi. Jioni ile ile alilirudisha dukani, akampelekea la inchi sita, gumu kiasi, akakaa pale hadi alipomwona mzee anaketi, anakanyaga sakafu na kuinuka peke yake. Tangu siku hiyo hakuuza tena godoro kwa kidole.

Basi ndivyo alivyokuwa siku mpishi wa shule ya bweni alipoingia na mkewe.

Mpishi alikuwa mtu wa mwili, kifua kama pipa, mikono imekomaa kwa kuinua masufuria ya wanafunzi mia nne. Mkewe, fundi cherehani, alikuwa mwembamba, bega moja limeinamia mbele kidogo kwa kukaa miaka mingi mashineni. Mume alisimama katikati ya duka kama aliyekuja kununua duka zima.

"Nataka lile kubwa kuliko yote," akasema. "Na liwe laini. Bei usiniambie."

Mdogo wake Bi Lala, aliyekuwa akimsaidia kuuza, alikwisha kushika mkasi akate kamba. Dada yake akamzuia kwa jicho.

"La nani, shemeji?"

"La mke wangu. Mwezi wa tatu huu analala chini kwenye mkeka. Majirani wanasema tumegombana. Mama mkwe amepata habari, juzi alikuja kutusuluhisha! Sasa nataka kila mtu aone godoro likiingia kwangu."

Fundi cherehani akatazama pembeni. "Nimemwambia ni mgongo na bega," akasema taratibu. "Yeye anasema nina hasira."

"Mtu huhama kitanda cha mumewe kwa bega?" mpishi akauliza, na kwa namna alivyouliza ilikuwa wazi kwamba swali hilo halikuanza siku ile.

Bi Lala akamgeukia mke. "Unalalaje, mdogo wangu? Chali, ubavu au kifudifudi?"

"Ubavu. Nikilala, nateremkia kwake. Najishikilia kwenye ukingo usiku kucha, kama niko juu ya paa."

"Na wewe, shemeji?"

"Mimi? Mimi nalala." Mpishi akacheka. "Nikiweka kichwa, basi."

"Chali," mkewe akasema. "Na anakoroma."

"Haya," akasema Bi Lala. "Mama, vua viatu. Lala kwanza."

Alimpeleka nyuma ya pazia. Alitandika la kwanza, lile nene alilotaka mume. Akamlaza ubavu, akampa mto, akapitisha kiganja pale kiuno kinapoachana na godoro. Hicho ndicho kilikuwa kipimo chake. Mkono ukipita kama panya chini ya mlango, godoro ni gumu mno; ukigoma kabisa, limelegea; ukipita kwa kubembeleza, ndilo. Hapa mkono uligoma. Nyonga ilikuwa imezama na mgongo umepinda kama upinde. Wakajaribu gumu kabisa: mkono ukapita kwa raha, na fundi cherehani akakunja uso kwa sababu ya bega. Wakajaribu la tatu, la inchi nane, ugumu wa kati. Mkono ukapita kwa kubembeleza.

"Usiamke," Bi Lala akamwambia. "Mtu hajui godoro kwa dakika moja. Kaa hapo robo saa, mimi niko nje."

Robo saa ikapita. Bi Lala akaita, kimya. Akafungua pazia kidogo, kisha akampungia mpishi mkono aje. Mkewe alikuwa amelala fofofo, mdomo wazi, kiganja chini ya shavu, na kidole chenye mikwaruzo ya sindano kimelegea kama cha mtoto mchanga. Kinyozi wa jirani alikuwa amefungulia redio kwa sauti ya juu, muuza mabomba anakata chuma, naye hata hakutikisika.

Mpishi aliinama amwangalie vizuri. Ile sauti yake ya jikoni ikamwisha.

"Kumbe hakuwa na hasira," akasema, kama anayejiambia.

"Alikuwa na usingizi," Bi Lala akajibu.

Mdogo wake akaja kunong'ona kwamba kuna wateja wawili wanataka kujaribu kitanda. Bi Lala akawaambia wateja warudi baada ya saa moja au wanunue kwa jirani, maana leo kitanda kina mtu. Mmoja alikwenda kwa jirani kweli. Mdogo wake alishika kichwa.

"Dada, sisi ni duka au nyumba ya wageni?"

"Nenda kamwambie kinyozi apunguze redio."

Fundi cherehani alilala saa nzima na dakika kumi. Aliamka akaona aibu, akaomba radhi kwa kila mtu, hata kwa muuza mabomba. Mpishi alikuwa amekwisha kutoa pochi. "Tunachukua hili," akasema. "Hili hili."

"Huchukui kitu leo," akasema Bi Lala. "Wewe mwenyewe hujalala. Kitanda si mnalala wawili?"

Mpishi akalalamika kwamba yeye hana taabu, lakini akavua viatu. Godoro lile lililompendeza mkewe lilimpokea kwa mguno, likabonyea katikati kama sahani ya kina. Kwa kuwa alikuwa mwanamume, Bi Lala hakumgusa. Alimwelekeza mkewe apitishe mkono. Mkono haukupita. Lile gumu, lililomtesa mke, ndilo lililomkaa mume sawasawa. Aliinuka akajishika kiuno, akakiri kwa mara ya kwanza kwamba kila asubuhi huvaa viatu akiwa ameegemea ukuta.

"Kesho nitakuja kwenu nione kitanda," akasema Bi Lala. "Godoro zuri juu ya kitanda kibovu ni sawa na kupika pilau kwenye sufuria iliyotoboka. Wewe unalijua hilo kuliko mimi."

Alikwenda kesho yake mchana, na futi ya kupimia mkononi. Chumba kilikuwa safi, cherehani dirishani, nguo za watu zimepangwa kwa vikaratasi. Alilinyanyua godoro la zamani kwa mkono mmoja, akalala kifudifudi sakafuni, na nguo zake nzuri zote, akachungulia uvunguni. Chaga mbili zilikuwa zimevunjika upande wa mume, na ya tatu ilishikiliwa na matofali mawili.

"Nani ameweka matofali?"

"Mimi," mpishi akasema. "Ilikuwa kwa muda tu."

"Muda gani?"

"Miaka minne," mkewe akajibu.

Wote watatu wakacheka hadi fundi cherehani akafuta machozi kwa kitambaa cha mteja.

Bi Lala akapima. Futi tano kwa sita, kama alivyodhani. Akaketi kwenye kiti cha cherehani, akawaeleza alilofikiri tangu jana: wasinunue godoro moja, wanunue mawili ya futi mbili na nusu kwa sita, yote ya inchi nane yalingane kimo, gumu kwa mume na la kati kwa mke, yakae ubavu kwa ubavu. Lakini kwanza seremala abadilishe chaga zote, azisogeze karibu karibu.

Mpishi akaruka. "Mama, sisi tumeoana! Tulale mbalimbali kama wanafunzi wangu wa bwenini?"

"Kitanda kimoja, shuka moja, mke yule yule. Kila mtu na mgongo wake, basi."

"Na huo ufa wa katikati?"

"Hilo silijui," Bi Lala akakiri. Huko hospitalini hapakuwa na vitanda vya wawili. Fundi cherehani ndiye aliyeinuka, akaleta gora la kitambaa kizito.

"Nitashona mfuko mmoja wa kuyavaa yote mawili," akasema. "Zipu upande wa miguuni, na juu ya ufa natia tabaka la pamba upana wa kiganja. Hutausikia."

Bi Lala alishika kile kitambaa, akakivuta, akamtazama yule mama kwa macho mapya. "Miaka yote hii nauza magodoro," akasema, "hilo halijanijia."

Seremala alimaliza chaga kwa siku mbili. Magodoro yalipelekwa kwa mkokoteni, mchana, na majirani waliokuwa na hamu ya kuona waliona. Walipohesabu mawili, habari ikaenea kwamba sasa ndoa imekufa kabisa. Mpishi alikasirika siku moja tu. Siku ya pili alianza kuwakaribisha wanaume wenzake chumbani waje wapapase ufa. Hakuna aliyeupata.

Bi Lala alikuwa na desturi ya kuwapa wateja usiku kumi. Godoro likigoma, wanalirudisha. Siku ya kumi na moja mpishi alikuja peke yake, akitoka kazini, bado amevaa aproni. Mdogo mtu, akijua kinachofuata kwa kawaida, akaanza kutafuta mahali pa kuweka godoro lililorudishwa.

"Mnaamkaje?" Bi Lala akauliza. Hakuwahi kumwuliza mtu amelalaje. Alisema usingizi mwenyewe hauoni, asubuhi ndiyo inayoona.

"Mimi navaa viatu nimesimama katikati ya chumba," mpishi akasema. "Yeye jana aliimba akiwa mashineni. Sikujua kama anaimba, mama. Miaka tisa ya ndoa."

Bi Lala akaitikia kwa kichwa polepole, kama daktari anayesoma cheti. "Na bega?"

"Linauma bado kidogo, jioni."

"Hilo si la godoro. Hilo ni la kiti anachokalia mashineni, kiko chini mno. Nililiona nilipokikalia." Akachukua futi yake mezani, akavaa viatu. "Twende. Yuko nyumbani sasa hivi?"

"Yuko."

"Dada!" mdogo wake akaita. "Hatuuzi viti!"

Lakini Bi Lala alikuwa amekwisha kushuka ngazi, anamtangulia mpishi, na anamwuliza kama yule seremala wao anaweza kupata miguu ya kiti mirefu zaidi.