Mwalimu Aliyesimama Matangani

Pande zote za Kimilili walimwita Mwalimu wa Matanga, jina ambalo Kuloba hakulipenda hata kidogo. Afe mzee popote, hata kwa watu wasiomjua, yeye alikuwa keshafika na kinasa sauti chake, kaketi mbele, anangoja kumuse. Tangu astaafu alitaka kuandika kitabu kimoja tu: maneno ambayo msemaji wa kumuse huwaambia wafiwa mzee akishazikwa, koo zilikotoka, vita, njaa, na jinsi waliobaki wanavyopaswa kuishi.

Wasemaji wenyewe walikuwa wamekwisha. Alibaki mzee Khisa, naye kifua kilikuwa kibovu. Na sehemu moja Kuloba hakuwahi kuipata, ile ya ukoo wake mwenyewe, ambayo husemwa akifa mzee wa ukoo huo.

"Papa, niambie tu hapa nyumbani," alimsihi Khisa.

"Kumuse haisemwi bila maiti. Unataka tuzike nani, mimi ama wewe?"

"Na ukienda nayo?"

"Nitaenda nayo! Akifa mzee wa kwenu niite. Nitakuja hata kwa machela."

Mzee wa kwao alikuwa mmoja, kaka yake Mang'oli, kalala na uvimbe tumboni. Huyo ndiye aliyeacha shule akachunga ng'ombe ili Kuloba asome. Sasa, Mungu amsamehe, Kuloba akawa anamtembelea kila siku, na akitoka hapo anapitia kwa Khisa kukisikiliza kile kifua. Nani angetangulia?

Mang'oli hakuwa mjinga.

"Wewe Kuloba, umekuja kuona mgonjwa ama kupima kaburi?"

"Usiseme hivyo, kaka."

"Si unaniangalia kama ng'ombe wa matanga! Lakini sikulaumu. Mimi nataka watoto wangu wasikie yale maneno. Hayo tu."

Kuloba alilia njia nzima kwa aibu, maana ilikuwa kweli.

Mang'oli akatangulia. Baada ya mazishi, Khisa akaletwa kwa pikipiki, amefungwa kwa leso mgongoni mwa dereva asianguke. Msemaji akianza, hakuna kuinuka wala kumkatiza njia, hata mtoto aliyebanwa na mkojo. Akikatizwa ameacha, na hakuna wa kumrudisha. Kuloba mwenyewe ndiye aliyewakumbusha watu hayo asubuhi ile.

Khisa akatembea uwanjani na fimbo yake, akazipanga koo moja baada ya nyingine. Alipofika kwa ukoo wa kina Kuloba sauti ikamfifia. Kinasa sauti, alichokiweka Kuloba ng'ambo ya uwanja, kilikuwa mbali na mzee. Kuloba akainama, akatega sikio, akapata neno hili, akapoteza lile. Subira ya miaka yote ile, na maneno yanamponyoka vile!

Akasimama. Akavuka uwanja, akakisogeza kinasa sauti karibu na msemaji.

Watu wakaguna. Khisa akanyamaza, fimbo bado iko juu.

"Nani huyo?"

"Ni Mwalimu," mtu akajibu.

"Wewe?" Khisa akaishusha fimbo. "Nipelekeni nyumbani."

Walimbembeleza wee, wapi! Maharagwe hayajavunwa, Khisa naye akafa, na kwake hakukuwa na kumuse, kwani nani angeisema?

Ndipo Nekoye, mjane wa Mang'oli, akamwita Kuloba.

"Shemeji, hiyo mashine yako ilishika nini?"

"Kidogo tu."

"Lete hicho kidogo. Marehemu alitaka watoto wake wasikie."

Wakakusanyika sebuleni, wana na wajukuu. Sauti ya Khisa ikasikika kwa mbali, ikataja babu mmoja, ikaanza kumtaja wa pili. Kisha kiti kikalia, watu wakaguna, na Khisa akauliza, "Nani huyo?"

Kuloba akazima haraka. Mjukuu mdogo wa Mang'oli, ambaye siku ile alikuwa kwa wajomba zake, akamvuta mkono babu yake Kuloba.

"Kuka, nani alisimama?"

Kuloba akainama hadi usawa wa mtoto.

"Ni mimi," akasema Kuloba.