Hoteli Aliyoichagua Hawe

Harufu ya sabuni ya deki yenye ndimu hunikata hamu ya kula hadi leo. Wengine wakiisikia husema pamesafishwa, pananukia vizuri. Mimi nikiisikia hurudi Kilifi, Desemba ile nilipokuwa na miaka kumi, kwenye sakafu ya vigae vyeupe vilivyolowa maji, na bahari ikivuma upande wa pili wa meza. Mara nyingi nimeacha sahani nusu katika hoteli nzuri kabisa, nikawaambia wenzangu kwamba tumbo linanisumbua. Si tumbo. Ni huzuni, nami nimekwisha kuchoka kuitafutia dawa.

Tulikuwa tukiishi Nairobi, na kila shule zilipofungwa mwisho wa mwaka baba alitupeleka Kaloleni kwa mamake, ambaye mimi nilimwita Hawe, kama Wagiriama wote wanavyomwita bibi. Kwa baba hiyo ndiyo iliyokuwa likizo. Kwa mama ilikuwa ni kuhama jiko tu: alitoka kupika kwake akaenda kupika kwa mavyaa, akitwanga na kuteka maji huku mawifi wakimkagua mikono kama imelainika. Mwaka ule alisema wazi kwamba amechoka, na kwamba watu wengine wakienda likizo hukaa wakaletewa chakula. Baba hakuwa mtu wa kubishana na ukweli. Akaahidi kwamba kabla ya kurudi Nairobi angetupeleka Kilifi tukale chakula cha jioni katika hoteli ya ufukweni, mlo wa kukumbukwa, na hoteli yenyewe tungeichagua kwa macho yetu. Ahadi ni deni, na mama alimkumbusha kila asubuhi wakati wa chai. Jambo ambalo hakuna aliyelitarajia ni kwamba Hawe, ambaye alikuwa hajawahi kula hotelini maishani mwake, aliyesema chakula cha kupikiwa na usiyemjua hakishibishi, alitangaza kwamba naye atakwenda. Tena hoteli ataichagua yeye. Mama alicheka akasema uzee umemwamshia mkwewe tamaa ya kula kamba. Baba alifurahi hata akamkumbatia.

Mimi nilijua sababu, kwa kuwa Hawe aliniambia tukiwa jikoni, yeye akikuna nazi, mimi nikiokota vipande vinavyoruka. Kabla ya Kaloleni, alipokuwa mke kijana, waliishi na babu pale pale ufukweni Kilifi, kwenye shamba ambalo hakuna aliyewahi kuwaambia kwamba lina mwenyewe. Hapo alizaa mtoto wake wa kwanza, Charo, aliyekufa kwa homa kabla hajajua kukimbia, wakamzika ubavuni mwa nyumba. Baadaye akaja mtu mwenye hati, akaja na askari, nyumba ikabomolewa, na wao wakapanda milimani na baba yangu akiwa bado mgongoni. Walibeba vyungu, mikeka na kuku. Charo alibaki. Na kwa desturi yetu aliyekufa haachwi vivi hivi. Anakuwa koma, huwa na haki yake ya chakula na kukumbukwa, na akisahauliwa huja ndotoni kudai.

"Ana ndzala, Kadzo," Hawe aliniambia, bila kuacha kukuna. "Ana njaa. Kila nikilala anasimama mlangoni, ashika tumbo. Hasemi kitu."

Kumlisha ni lazima kuwe kaburini. Alikuwa amekwisha kwenda peke yake, akakuta ukuta baada ya ukuta, na geti baada ya geti. Soja mmoja alimwambia hapana kaburi hapo, pana bwawa la kuogelea. Mwingine alimwuliza kama amelewa. "Nikienda kuomba kaburi nafukuzwa," akasema, akikung'uta kifuu. "Lakini aendaye kula hakatazwi na mtu." Ndipo nilipoelewa likizo yetu ilikuwa imempa nini. Baba alijua kwamba aliwahi kuwa na kaka, lakini alikuwa mzee wa kanisa, na mambo ya koma aliyaacha nje siku aliyobatizwa. Mamake alipoanza kumgusia ndoto zile, baba alimkatiza kwa maombi. Hakugusia tena.

Alama ya kaburi ilikuwa moja tu. Mbele ya nyumba yao, baharini, kulikuwa na jiwe lenye mgongo kama wa ng'ombe aliyelala, na ukikaa penye kaburi ulilitazama sawasawa, wala si kulia wala si kushoto. Ukuta hujengwa na minazi hukatwa, alisema, lakini nani atang'oa jiwe la baharini?

Tulifika Kilifi alasiri katika gari la kuazima, tukashuka ufukweni kwa kijia chembamba kati ya kuta mbili. Maji yalikuwa yamejaa. Bahari nzima ilikuwa sahani moja ya bluu, haina jiwe wala kivuli cha jiwe. Nilimtazama Hawe usoni nikaona amevunjika, kisha nikaona anajikusanya. Tulianza kuchagua, tumeshika viatu mikononi, maji yakitulowesha miguu. Mama alichagua hoteli kwa choo chake. Kila tulipoingia alikwenda kwanza huko na kurudi na hukumu. Baba alichungulia sahani za watu kuona kama wanashiba. Hawe alifanya jambo ambalo wahudumu hawakulielewa: alipita katikati ya meza hadi ukingoni, akawapa mgongo wote, akaikabili bahari na kusimama kimya, akijaribu kuukumbuka upepo. Hoteli ya kwanza, yenye miavuli ya bluu, alitikisa kichwa. Ya pili vilevile. Ya tatu ilikuwa na paa la makuti na vigae vyeupe, na hapo alisimama muda mrefu, hata mama akaanza kujishika kiuno.

"Ni hapa," alisema hatimaye. Sauti yake haikuwa na uhakika. Mimi peke yangu ndiye niliyeisikia hivyo, kwa kuwa ni mimi peke yangu niliyejua anachagua nini.

Chakula kilichelewa kama kinavyochelewa pwani, na hakuna aliyejali. Mama alikaa ameegemea kiti, amevaa nguo yake ya Pasaka, akitazama mikono yake iliyopumzika kama ni ya mtu mwingine. Sijawahi kumwona mzuri kuliko siku ile. Kilipokuja, wali wa nazi na changu wakubwa wa kukaanga, mpwa wa baba aliyekuwa aje kutoka Mtwapa alikuwa bado hajafika, na baba akaigawa sehemu yake huku akichekelea, "Asiyekuwapo na lake halipo." Ni msemo wa kila meza, hauna ubaya. Lakini Hawe aliinua uso akamtazama kama aliyepigwa.

Kisha akatenga donge la wali na kipande cha samaki, akaanza kutoa miiba. Aliitoa mmoja mmoja, akaponda kile kipande kwa vidole na kukipapasa tena, kama mama anavyomfanyia mtoto asiyejua kutema. Akainama, akakiweka sakafuni karibu na mguu wa meza, akamwagia maji kidogo kutoka kwenye gilasi yake, na midomo yake ikatembea. Nilisikia jina la Charo. Baba naye alilisikia, maana alikaza macho kwenye sahani yake. Na kabla Hawe hajanyanyuka, mhudumu alikuwa amekwisha kufika na ndoo, msichana mpole, mwenye adabu zote za pwani. "Pole sana, bibi. Usijali, kimemwagika tu. Nitakuletea kingine." Akapitisha tambara la deki mara moja, akalikamua, akapitisha tena, na ile harufu ya ndimu ikapanda mezani. Vigae vikang'ara. Maji yakimwagika hayazoleki, wanasema. Yale yalizolewa barabara.

Hawe alikaa mkono ukiwa bado umening'inia. Hakulia. Aliniinamia akaninong'oneza, "Ameonja. Kabla hawajafuta, ameonja." Nilimwitikia kwa kichwa. Nadhani angeweza kuishi na hilo. Wazee wa kwetu wamezoea kuridhika na makombo. Lakini maji yalikuwa yameanza kupwa tukiwa tunasubiri chakula, na mimi ndiye niliyeona kwanza uso wake ukibadilika. Nikageuka nitazame anakotazama. Baharini, katika mwanga wa mwisho, mgongo wa ng'ombe aliyelala ulikuwa umeanza kutokeza, mweusi, unachuruzika maji. Haukuwa mbele yetu. Ulikuwa kushoto, ng'ambo ya ukuta, mbele ya hoteli ya jirani ambako taa zilikuwa zinawashwa na wageni walikuwa wanacheka.

"Si hapa," alisema. Safari hii alimwambia baba. "Ni pale. Nimekosea, mwanangu. Nipeleke pale jirani, ni mara moja tu."

Baba alitazama huku na huku kuona nani amesikia. Baba yangu hakuwa mtu mbaya, na nimeishi muda mrefu nikijaribu kumwonea huruma kwa jioni ile. Alikuwa na mke aliyeahidiwa raha, alikuwa na Mungu wake, na alikuwa na mama anayemwomba akaingie hoteli ya watu kulisha sakafu. Akamsogezea sahani.

"Kula, mama," alisema. "Samaki anapoa."

Akala. Hilo ndilo lililoniumiza kuliko yote, kwamba alikula, tonge baada ya tonge, jicho likiwa kwenye lile jiwe hadi giza lilipolichukua. Garini baba alisema, bila kuulizwa, kwamba mwakani tutakwenda hiyo nyingine. Mwakani Hawe hakuwepo. Alikufa masika, akazikwa Kaloleni, mbali na mwanawe kwa urefu wa barabara nzima ya Mavueni ishukayo pwani, na mlo wetu ulibaki wa kukumbukwa kama ulivyoahidiwa.

Majuto ni mjukuu, na mjukuu mwenyewe ni mimi. Baba sasa ni mzee, anaishi peke yake katika nyumba ya Hawe tangu mama alipotangulia. Mwaka huu alinipigia simu akaniambia kuna mtoto anakuja usiku, anasimama mlangoni, anashika tumbo. Hilo la kushika tumbo Hawe aliniambia mimi tu, na mimi sikuwahi kumwambia mtu. "Wewe ulikuwepo," baba alisema. "Wewe unaijua hoteli." Nikafunga safari kutoka Nairobi, nikamchukua, tukashuka ufukweni kwa kijia kile kile, ambacho sasa kina mlango wa chuma na saa za kufungwa.

Wakati ule tulikosea kwa ukuta mmoja. Leo sijui hata tunakosea kwa kuta ngapi. Hoteli zimezaana, zimesogea hadi majini, na mbele yake wamejenga ukingo wa saruji wa kuzuia mawimbi. Nilichagua wakati wa maji kupwa, nikijiona mwerevu, nikakuta bahari tupu hadi mwambani. Mvuvi mmoja aliyekuwa akitafuta pweza aliniambia kwamba jiwe lile lilivunjwa zamani, lilikuwa linakwaruza boti za wageni. Alilisema kama jambo la kawaida, akaendelea kuchokoa mashimo yake. Sikumwambia baba. Nilichagua hoteli kama watu wote wanavyochagua, kwa sababu ilikuwa na meza tupu inayotazama maji.

Alipoletewa samaki, baba alitoa miiba. Vidole vyake vinatetemeka siku hizi, ilimchukua muda mrefu, na hakukubali nimsaidie. Akainama kwa shida, akaweka tonge sakafuni, akalitaja jina la kaka yake ambaye hakuwahi kumwona. Kijana mwenye ndoo akaja mbio, na baba akamwinulia kiganja. "Acha kwanza, mwanangu. Acha." Kisha akanigeukia mimi, macho yamemlowa, akaniuliza kama nina hakika ni hapa.

"Kula, baba," nikamwambia. "Samaki anapoa."