Marehemu Aliyeandikwa kwa R

Karatasi iliyonyeshewa ikakauka, kisha ikanyeshewa tena, ina harufu yake, nusu ukungu, nusu mafuta ya taa. Ndiyo harufu iliyojaa stoo ya maktaba moja mjini Kakamega, mahali nilipomalizia karibu likizo yote ya Agosti nikiwa darasa la sita. Wenzangu kule kwetu Navakholo walikuwa wakichoma mahindi mabichi na kuokota miwa iliyoanguka kutoka kwenye trela. Mimi nilikuwa nimekalia gunia kando ya Senge Peresia, dada yake baba, tukifunua magazeti yaliyokatikakatika mikononi kama chapati kavu. Tulikuwa tunatafuta kifo cha babu yangu.

Babu Lukoye alikuwa kibarua wa miwa. Baba yangu akiwa bado ananyonya, babu alikwenda kuishi kambini kwenye shamba kubwa mbali na kwetu, na kila alipopata nafasi alirudi na sukari guru. Msimu mmoja wa mvua hakurudi. Baada ya majuma kadhaa, mwenzake wa kambini alifika kusema kwamba lori lililobeba vibarua lilitumbukia mtoni daraja lilipokatika, na waliokufa walikuwa wameshazikwa huko huko, haraka haraka. Mtu huyo alikunywa chai, akaenda zake, wala hakuonekana tena. Hapakuwa na maiti, hapakuwa na kaburi, na Mzee Makokha, ndugu yake babu, akapata la kusema: Lukoye hakufa, amehamia Uganda kwa mwanamke mwingine. Akaanza kulima shamba la chini, lile lenye rutuba kando ya kijito, akidai analitunza mpaka ndugu yake arudi. Kila mara Kukhu, nyanya yangu, alipoomba ukoo uzike mgomba badala ya mwili, kama ifanywavyo kwetu mtu akipotelea mbali, Mzee Makokha alisimama na kuuliza, "Mnataka kuzika mtu aliye hai? Laana hiyo mtaibeba nyinyi?" Wazee wakaahirisha tena. Kukhu akabaki si mjane, si mke.

Senge alichoka na maneno hayo. Alitaka karatasi. Tulianzia ofisi ya kusajili vifo, ambako karani kijana aliyevaa tai fupi alitusikiliza akiwa amesimama, akaingia ndani, akatoka muda si mrefu.

"Mama, hiyo jina haiko."

"Umeangalia vizuri?"

"Lukoye haiko. Labda hakufa."

Senge alimtazama kijana yule hadi nikaogopa. Kisha akanishika mkono, tukaenda maktaba. Shule aliiachia darasa la saba na Kiingereza cha magazeti kilimshinda, hivyo mimi nilisoma na yeye akafunua. Tarehe hatukuijua. Kukhu alikumbuka tu kwamba ulikuwa mwaka ambao mahindi yaliozea shambani kwa mvua. Kila alasiri mvua ya Kakamega ilipiga mabati ya stoo hadi ikabidi nisome kwa kupiga kelele, na kila jioni tulirudi nyumbani mikono mitupu. Kukhu alikuwa akitungoja mlangoni. Siku za mwisho alitupakulia tu obusuma, ugali wetu, na mboga, akageuka.

Hatimaye tuliipata habari yenyewe. Ilikuwa imebanwa pembeni, karibu na picha kubwa ya fahali aliyeshinda kwenye maonyesho ya kilimo. Nilisoma kwa sauti: lori, daraja, mafuriko. Lilikuwapo jina la mwenye shamba, aliyesikitika kwamba uvunaji ungechelewa. Lilikuwapo jina la mhandisi aliyekuja kukagua daraja. Kuhusu waliokufa, gazeti lilisema "vibarua kadhaa".

"Soma majina," Senge akasema.

"Hakuna majina."

"Soma mpaka chini."

"Nimefika chini, Senge. Hapa chini ni tangazo la sabuni."

Alinipokonya gazeti, akapitisha kidole kwenye kila mstari, kana kwamba ni mimi niliyeyaruka. Kidole kikafika kwenye picha. Chini yake palikuwa na jina la fahali.

Angalau tarehe tulikuwa nayo. Tulirudi ofisini, Senge akamtaka karani atafute kwa mwezi badala ya jina. Karani akatuambia turudi wiki ijayo. Tuliporudi akatuambia turudi tena. Mara hiyo Senge aliketi kwenye benchi na kufungua chakula chetu, na karani alipoona hatuondoki alileta kitabu, akaanza kusoma kwa sauti ya mtu aliyechokozwa. Katikati ya ukurasa akasema, "Rukoye, mwanamume, kibarua, ajali."

"Umesema nani?"

"Rukoye. Na R. Huyu si wenu."

"Huyo ndiye!" Senge alipiga kaunta. "Ndiye huyo! Mliandika vile mlisikia!"

Umri haukuandikwa, wala kwao. Mahali alipozikwa paliachwa wazi.

Jumapili iliyofuata ukoo ulikutana. Mzee Makokha aliisikiliza nakala ya ukurasa ule wa kitabu ikisomwa, akatabasamu. "Huyo Rukoye simjui. Ndugu yangu ni Lukoye."

Kukhu, ambaye katika vikao vile hakuwahi kusema zaidi ya kuomba, alisimama. "Makokha, mimi jina langu ni Loisi. Tangu niolewe hapa unaniitanga Roisi. Kwani miaka yote hiyo unaongeanga na mwanamke mwingine?"

Watu walicheka hadi Mzee Makokha akaangalia chini. Mgomba ulizikwa juma lile lile, na Kukhu akalia kama mtu aliyepokea habari asubuhi ile. Natamani mambo yangeishia hapo. Lakini ofisi ilikataa kutoa cheti cha kifo hadi tofauti ya herufi ile ithibitishwe kwa kiapo, na baba alizungushwa huku na huku hadi nikamaliza sekondari. Bila cheti hicho hatukuweza kulidai shamba la chini, na Mzee Makokha aliendelea kulilima. Wanawe wanalilima hadi leo.

Sasa naishi Shirere, hapa mjini Kakamega, na magazeti ya zamani nayafungua kwenye simu nikiwa nimeketi. Nimetafuta kwa L na kwa R. Nimejua mengi juu ya shamba lile kubwa alikofanya kazi babu, na wenyewe, lakini kaburi la babu sijalipata. Kukhu alipofariki mwaka jana, ni mimi niliyekwenda kumwandikisha. Ofisi ina kompyuta, na karani alinipokea kwa adabu. Kwenye nafasi ya kazi ya marehemu akaandika "hana".

"Alikuwa mkulima wa miwa," nikamwambia. "Amepalilia miwa mpaka mgongo ukapinda."

"Wazee wote tunawawekanga hivyo, mama."

Karani wa zamani, pamoja na R yake, alimwandikia babu kazi yake. Nikasema tena, mkulima wa miwa.

"Mama, kuna watu nyuma yako."

"Nawaona," nikajibu, nikabaki nimesimama pale pale dirishani mpaka akafuta lile "hana".