Tezi ya Kofia

"Mjomba, wewe ni kinyozi, mbona mwenyewe hunyolewi?"

Mpwa wake alimuuliza hivyo akiwa darasa la pili, amekaa kwenye benchi la wateja, miguu inaning'inia. Jua lilikuwa linachoma bati, na mjomba mtu amevaa kofia yake ya sufu, ile ile ya jana na juzi. Alizima mashine, akaipuliza meno. Vumbi la mba likaruka.

"Kinyozi hajinyoi. Hamkufundishwa shuleni?"

Mwenzake wa kiti cha pili akadakia, "Basi nipe mimi hicho kichwa, Kofia. Bure."

"Nyoa chako kwanza, kinafanana na fagio."

Kofia ndilo jina lililomganda, likameza lile alilopewa na wazazi wake.

Mtoto yule alikuwa mdadisi. Kila akitoka shule alipitia pale kuchungulia vichwa. Aliona shingo za vijana zilizojaa chunusi zenye ncha za njano. Mashine ikipita, moja inatumbuka, na usaha unachora mstari mpaka kwenye kola. Aliona mba wa mafuta, magamba ya rangi ya nta yanayong'ang'ania mashine hadi mjomba ayakwangue kwa mswaki mkuukuu. Kulikuwa na mzee mmoja mwenye vidoa vyeusi puani, utadhani kamwagiwa ufuta mweusi. Mtoto alisisimka kwa kinyaa, akasogea aone vizuri.

Ila hakuna kilichomshinda kama kofia ya mjomba wake. Ukingo wake uling'aa kwa mafuta kama kikaango. Na ilinuka, si jasho. Ilinuka kama chupa ya maziwa iliyosahauliwa kwenye mkoba wa shule likizo nzima. Mama wa mtoto aliinyanyua kwa kijiti kila alipoifua.

"Kaka yangu huyu anaoza akiwa hai," alisema, akageuza uso.

Chini ya kofia kulikuwa na uvimbe. Ulianza kama punje ya hindi, ukafika ukubwa wa ndimu. Kofia alikuwa amekwenda zahanati mara moja tu. Muuguzi aliubonyeza, akasema, "Hii ni tezi. Nenda hospitali kubwa wakakupime." Basi. Kwa wanaume wa rika lake tezi ni moja, tezi dume, na kila mmoja ameshasikia kijiweni habari za daktari, glavu na kidole. Kofia alirudi nyumbani akiwaza kwamba kama tezi imetoka kule chini ikapanda mpaka utosini, basi huko katikati imeshamaliza kila kitu. Hakumwambia mtu. Kila Jumapili alijifungia bafuni akaukamua. Ulitoka ujiuji mweupe, mzito, unajipinda kama dawa ya meno. Kufika Jumapili nyingine umejaa tena.

Mpwa wake alikuwa ameingia kidato cha kwanza siku uvimbe ulipomuumbua. Kwenye kiti alikuwa fundi saa, mteja wa miaka mingi, mtu wa kujipangusa hata pasipo na vumbi. Kofia aliinama kumchonga nyuma ya sikio, na alipoinuka akajigonga kwenye kona ya rafu. Kitu kikapasuka. Kikapenya sufu, kikadondoka.

Fundi saa alihisi uvuguvugu shingoni. Alipitisha kidole, akakinusa.

"Kofia," alisema polepole, "hii ni nini?"

Kofia aliivuta kofia yake hadi masikioni. Yule bwana alijifuta kwa shuka la kunyolea, akatoka na kichwa kilichonyolewa nusu. Mpwa mtu, aliyekuwa benchini, alikimbilia nje kutapika.

Kiti cha Kofia kilikaa kitupu siku nne. Ya tano, mwenye duka alikuja na kumwambia achague: atibiwe, au arudishe ufunguo. Kunyoa ndiyo kazi pekee aliyoijua. Dada yake alimtuma binti yake, mpwa yule yule, amsindikize, asije akatorokea njiani.

Daktari alikuwa mwanamke kijana. Alimsikiliza binti, akautazama kwa mbali uvimbe ulivyoinua kofia, akasema, "Tezi imeziba."

Kofia alishika mkanda wa suruali kwa mikono miwili. "Daktari, lazima nivue?"

"Kofia tu, baba."

Alimweleza kwamba kila unywele una kijitezi chake cha mafuta; mlango ukiziba, taka za ngozi hujikusanya ndani ya kifuko. Kisha akachoma ganzi, akapasua. Kifuko kilitoka chote, cheupe, kinateleza, kikalala kwenye trei kama jicho la samaki. Harufu ilijaza chumba. Binti aliziba pua, macho kayatoa.

"Miaka yote ulikuwa unakamua uji," daktari alisema, "sufuria unaliacha ndani."

Leo binti yuko kidato cha nne, na uso wake nao una chunusi. Wiki iliyopita mjomba alikaa kwenye kiti chake mwenyewe, akamkabidhi mashine. Binti alimnyoa taratibu, akilizunguka kovu.

"Unaona kinyaa?"

"Kidogo, mjomba."

Mjomba alicheka, akamtazama kwenye kioo.

"Uliwahi kuniuliza mbona sinyolewi. Tezi nilikuwa naiogopa, sikatai. Lakini miaka yote hii nawashika watu vichwa huku nimebana pumzi kwa kinyaa, nawachekea kwenye kioo. Sikutaka mtu anichekee mimi hivyo."