Kikohozi cha Kambo

Mwanafunzi akikohoa kile kikohozi kikavu nyuma ya darasa, mimi husimama na chaki mkononi, macho yakitafuta kikombe. Bure tu. Wamezoea, wanafikiri mwalimu wao anazeeka.

Babu yangu, tuliyemwita Kambo, alikohoa hivyo muda wote niliomjua. Vumbi la mgodini lilimkaa kifuani hadi likammaliza. Akianza tu, mke wake, bibi yangu tuliyemwita Kambo Mama, alinyoosha mkono wenye kikombe cha maji bila hata kumtazama, akasema, "Kunywa, muzee." Nyumbani, sokoni, hata kanisani.

Tulimlilia uwanjani kwetu, komini ya Kenya, mtaa wa hapa Lubumbashi, chini ya turubai la kukodi. Kwetu, kwenye kilio, wajukuu wana ruhusa ya kumchezea marehemu. Wanavaa nguo zake, wanatembea kama yeye, wanagombeza watu kwa sauti yake, na hakuna wa kuwakasirikia. Binamu yangu Mado alivaa koti la Kambo, akawafokea majirani kwa kuchelewa, watu wakacheka hadi wakajifuta machozi. Mimi nilimchukia. Nilikuwa na miaka minane, niliona wote wameingiwa na wazimu.

Kambo Mama hakucheka, wala hakulia. Tangu turudi kutoka hospitalini hakuwa amekunywa hata maji. Alikaa kwenye mkeka, midomo imepasuka, na shangazi zangu walinong'onezana kwamba mume wake anamwita. Hilo nililiogopa kuliko maiti yenyewe. Basi shangazi mkubwa akamvua Mado koti, akanivalisha mimi. Bado lilinuka kafuri na tumbako.

"Weye njo unajua kikohozi yake," aliniambia, maana ni mimi niliyeweza kukiiga. "Enda, fanya."

Sikutaka, jamani. Nilienda. Nikasimama nyuma ya Kambo Mama, nikakohoa.

Mkono wake ukanyooka. Ukachukua kikombe walichomwekea kando tangu asubuhi, ukanipa, yeye mwenyewe hajageuka.

"Kunywa, muzee."

Kicheko kikakatika. Nikanywa. Hapo akageuka, akaniona mimi, mtoto ndani ya koti kubwa, na yowe lililomtoka sijalisikia tena popote. Alilia mpaka jioni. Kisha akaomba maji, akala bukari, ugali wetu, kidogo.

Leo nafundisha mila na hadithi za watu wetu, na vitabu vinaniambia mchezo huu hupunguza huzuni. Wapi! Walioandika hawakuvaa lile koti. Kambo alifia hospitalini, lakini kwa mke wake alikufa pale mkekani, na mimi ndiye niliyetumwa kumpelekea habari. Shangazi alijua anachofanya. Habari ile, mtu mzima angeileta, asingesamehewa.

Mimi nilisamehewa. Kambo Mama aliishi miaka mingi baadaye, akanilea, akanipenda sana. Ila nikishikwa na mafua nikaanza kukohoa, aliinuka polepole, akatoka nje, akakaa huko mpaka ninyamaze.