Makofi Mawili na Kipande cha Ukoko

Mbwa wetu alizaliwa upande wa Choma, kwenye kaya yetu ya zamani. Pale, jirani tulimjua kwa moshi wake tu. Tulimlea asimruhusu mtu kuvuka ua wa minyaa, na kila alipobweka tulimsifu.

Kisha operesheni ya vijiji ikatuhamishia kijiji kipya. Nyumba zilipangwa mistari, na mlango wa jirani ulitazamana na wangu. Watu walipita mbele yetu tangu asubuhi, na mbwa aliwarukia wote. Wiki ya kwanza alimchania mama mmoja kanga. Balozi wa nyumba kumi akaja akasimama mbali.

"Mzee, nakuheshimu," alimwambia mume wangu. "Lakini tukisikia tena, mgambo watakuja na rungu. Mbwa wa jirani yenu kule wameshammaliza."

Tangu hapo niliishi kwa hofu. Siku ya kuhamishwa nilikuwa nimeona paa la nyumba yetu likishushwa huku nimesimama, na nilijua waliosema watakuja huwa wanakuja. Mbwa yule ndiye kitu pekee cha kule tulichokuja nacho kikiwa hai.

Mume wangu hakushika fimbo. Kila asubuhi, kabla ya kengele ya shamba la kijiji, alikaa kizingitini na mbwa, mfukoni ana ukoko wa ugali wa jana. Mtu akipita, alimsalimu kama tunavyosalimu sisi Wanyamwezi, anainama kidogo na kupiga makofi taratibu. Kisha alimbonyeza mbwa mgongo mpaka alale, na kumpa kipande.

Watu walicheka. "Mzee, unamfundisha siasa?"

"Adabu kwanza. Siasa ataikuta mkutanoni."

Mimi nilimwambia anapoteza muda. Akanijibu, "Haumi kwa ubaya, mama. Anaogopa, kama wewe."

Baada ya majuma kadhaa, mbwa akisikia makofi alilala mwenyewe.

Kosa lilikuwa langu. Siku moja mume wangu yuko shambani, binti wa jirani alikuja kuomba moto, akaingia kimya. Mbwa akanguruma. Nilichokiona kichwani ni rungu tu. Nikamchapa mbwa kwa mwiko, mara tatu, nne, mpaka mwiko ukavunjika. Mume wangu aliporudi nilisema punda amempiga teke. Hakunibishia. Alimpapasa uvimbe, kisha akaniambia nimsogelee mbwa. Nilipoinua mkono, mbwa akajikunja na kujikojolea.

Mume wangu aliinuka. Akatoa ukoko wote mfukoni, akanitilia kiganjani.

"Kuanzia leo utamlisha wewe."

Hilo tu. Sikuwahi kumwambia ukweli kwa mdomo wangu, na hata leo linaniuma.

Nilianza upya. Nilipiga makofi, mbwa akakimbilia nyuma ya kihenge. Nikaacha kipande chini, nikaondoka. Siku ya nane alikula nikiwa nimekaa karibu. Siku nyingine alilala, lakini macho yake hayakutoka kwenye mikono yangu.

Hatukuwa tumefika mbali mgambo alipokuja. Kumbe mama wa kanga alikuwa amerudi kulalamika. Walikuwa wawili, balozi na kijana wa mgambo mwenye rungu, na mume wangu hakuwepo. Kijana hakupiga hodi. Aliingia moja kwa moja, na mbwa akasimama, manyoya yamemsimama shingoni.

Nilitaka kupiga kelele. Badala yake nilipiga magoti mbele ya kijana wa umri wa mwanangu, nikapiga makofi.

"Wangaluka, baba."

Alishtuka. Mama mtu mzima amempigia magoti yeye, tena kwa salamu ya asubuhi ya kwao! Bila kufikiri alilibana rungu kwapani, akainama, naye akapiga makofi.

"Wangaluka, mama."

Mbwa akatutazama sote wawili. Kisha akalala, kidevu juu ya vumbi.

Balozi alikohoa. "Ndiye huyu mkali?"

"Ndiye," nilisema. Sikuweza kudanganya tena.

Kijana alimtazama, akanitazama mimi bado nimepiga magoti. "Mama, simama basi," akasema, na wakatoka. Hawakurudi.

Miaka miwili baadaye mume wangu alifia hospitali kule Kitete. Walipomleta, watu walijaa uani. Kila mzee aliyefika alisalimu kwa makofi, na kila mara mbwa alilala, akageuza macho kwenye kiganja changu. Sikuwa na kitu cha kumpa. Jiko langu halikuwashwa siku tatu, maana msiba ulipikiwa kwa jirani. Siku ya nne nilisonga ugali, mdogo, nikauacha uungue chini ili upate ukoko.