Fundi wa visigino wa Hewa Bora

Saa mbili asubuhi, baridi ya Julai bado imeushika mtaa wa Hewa Bora, mjini Lubumbashi. Upepo mkavu unapeperusha vumbi jekundu, na wanawake wanaopita wamejifunika vitenge hadi masikioni. Liévin Numbi anamimina maji ya moto ndani ya beseni la plastiki, anaongeza ya baridi, kisha anachovya kiwiko kupima joto.

"Leta muguu, mama," anasema.

Mama aliyeketi mbele yake anaingiza miguu yote miwili na kushusha pumzi ndefu. Nyuma yake wanawake saba wanasubiri wakitaniana. Mmoja anajaribu kuiba zamu ya mwenzake. Mwenzake anamwinulia kisigino kilichopasuka kama ushahidi. Kicheko.

Liévin ana umri wa miaka arobaini na mmoja, na kazi yake ni miguu ya watu: kutibu visigino na kukata kucha. Mwanzoni mwa Juni alikuwa akipata wateja wanne kwa siku. Sasa wanafika kumi na tano. Ukiwauliza nani aliyewatuma, wote wanataja jina moja: Mama Laurentine.

Laurentine ameuza makaa sokoni kwa miaka ishirini, akisimama juu ya saruji baridi na kandambili miguuni. Ngozi yake hukauka kila majira ya baridi, lakini mwaka huu visigino vilipasuka hadi vikatoa damu. Na binti yake wa mwisho, Benita, alikuwa amebakiza wiki tatu tu aolewe.

"Nilikuwa nalia," anasema Laurentine. "Mama ya bibi harusi anaingizaka mutoto wake na ngoma. Miye hata kwenda kwa choo ilikuwa mateso. Nikamwambia Benita: nitakaa tu ku kiti, utanisamehe."

Benita hakutaka kusikia. Alimshika mama yake mkono, akampeleka kwa Liévin.

Swali la kwanza la fundi huyu ni lilelile kwa kila mtu: "Uko na sukari?" Mwenye kisukari hamgusi, humtuma kituo cha afya. Laurentine hakuwa na ugonjwa huo. Ila alikiri kwamba alikuwa akikata ngozi ngumu kwa wembe, na kila jioni akivipasha visigino moto juu ya mbabula, jiko lake la makaa.

"Nilimukatalia vyote viwili," anasema Liévin akicheka. "Wembe inafungula kidonda. Moto inakausha ngozi, inapasuka tena. Nikamwambia: mama, makala ni ya kuuzisha, haiko ya kujichoma."

Ujuzi huo aliupata kwa miguu yake mwenyewe. Zamani alikuwa akipakua mifuko ya saruji, viatu vimetoboka, na saruji ikamla nyayo. Muuguzi mmoja, Brigitte, ndiye aliyemfundisha: maji ya vuguvugu kwa dakika kumi na tano, jiwe la kusugulia kwa upole, mafuta kabla ngozi haijakauka, kisha soksi. Alipopona, majirani wakaomba awatengeneze na wao. Siku hizi anapika marhamu yake kwa nta ya nyuki na mafuta ya mbegu za mchikichi.

Wanaume wenzake walimcheka kwa kushika miguu ya wanawake.

"Banacheka bakisimama," anasema. "Bisigino yao ikipasuka, banakuja kukaa."

Laurentine alikuwa mgonjwa mkaidi. Siku ya nne alirudi bila soksi. Aliona aibu, muuza makaa na soksi! Liévin hakugombana naye. Kesho yake alifika sokoni na soksi ndefu za wachezaji wa kandanda, nyekundu zenye mistari myeupe, akachuchumaa mbele ya wachuuzi wote na kumvalisha mwenyewe.

"Mama ameingia ku équipe ya mpira!" akapiga kelele muuza samaki. "Bamemupatia numero ngapi?"

Soko likavunjika mbavu, Laurentine mwenyewe wa kwanza. Tangu hapo hakwenda kazini bila soksi hizo. Wiki ya pili damu ilikoma. Ya tatu, ngozi ikafunga.

Jumamosi ya harusi aliingia ukumbini akiwa amemshika Benita mkono, akitembea taratibu. Ngoma ilipokolea, akavua viatu.

"Benita akaniambia: mama, viatu! Nikamwambia: acha baone."

Alicheza wimbo mzima, akaongeza wa pili na wa tatu. Kisha akamwona Liévin kwenye meza ya nyuma na mkewe, Edith. Akamvuta hadi katikati, akamshika bega na kuinua mguu, wageni wakione kisigino.

"Nilisikia aibu," anakumbuka Edith. "Halafu wamama bakaanza kuvua viatu, kila mutu anauliza tunakaa wapi."

Jumatatu, foleni ilikuwa mlangoni.

Mei ijayo, kabla baridi haijaanza, Liévin anapanga kuzunguka masokoni akiwafundisha wanawake kupaka mafuta kila jioni tangu upepo wa kwanza. Laurentine amekwisha kumpa nafasi kando ya magunia yake.

"Nataka baridi ya mwaka kesho isikute hata kisigino kimoja kimepasuka," anasema Liévin.

Edith, anayechemsha maji pembeni, anageuka.

"Na shiye tutakula nini?"

Liévin anachukua mkasi na kuupokea mguu unaofuata.

"Makucha haiachake kuota, mama."